Masuku si matunda ya kupoteza: maoni yetu kabla ya mvua



Mwezi wa kumi na moja uliopita gari yetu ya projé iliharibika ku barabara ya Kasumbalesa, na tukabaki pale tangu asubuhi mpaka jua la saa sita. Pembeni yetu walikuwa bamama watatu wa koperative moja tunayofanya nayo kazi. Walitoka kijijini usiku, na mifuko sita ya masuku juu ya kinga mbili za kukodi. Saa nne ilipofika, maji ya masuku yalianza kutoka chini ya mifuko. Saa sita, inzi walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Mifuko miwili ikamwagwa mu mufereji, na iliyobaki ikauzwa kwa bei ya huruma kwa mtu aliyekuja na beseni yake akijua kabisa kwamba jioni haitaongojea mtu. Mama mmoja akatuangalia akasema: «Tulileta chakula, tunarudia na mifuko tupu na deni ya kinga. Ninyi baagronomu, munatuambia nini?»

Hatukuwa na jibu. Tulisoma miaka mingi mu instituti, tukafundishwa namna ya kutunza mahindi na maharagi ili fukusi asiingie, namna ya kukausha karanga ili zisiote ukungu. Juu ya masuku hatukufundishwa hata saa moja. Lile swali la mama lilitufuata mpaka nyumbani, na njo maana tunaandika leo, kabla masuku mengine hayajaiva.

Maoni yetu ni haya: matunda ya pori yetu ni chakula cha kweli na ni feza ya kweli. Yanatupotea mikononi kwa sababu mbili. Ya kwanza, tunayavuna na kuyabeba vibaya. Ya pili, tunauza pori lenyewe kwa watu wa makala kabla ya kufanya hesabu. Hii ya pili inatutia hofu zaidi.

Kosa letu kwanza

Tuanze na sisi wenyewe. Kila mwaka tunakuja kijijini na karatasi za kuuliza maswali. Umelima mahindi ngapi? Muhogo ngapi? Maharagi, karanga, viazi? Mu karatasi zile hamna mstari wa masuku, wala mpundu, wala mfungo, wala kasongole. Kitu kisichoandikwa mu karatasi yetu, tunafanya kama hakiko. Na mkulima anayetusikiliza anaanza kuamini pia: matunda ya pori ni ya batoto na ya masikini, chakula cha mtu aliyekosa kingine.

Lakini walioangalia vizuri waliona mengine. Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi, aliandika mu 1997 kitabu kizima juu ya vyakula ambavyo watu wanapata mu pori la miombo, matunda, uyoga, viwavi na mizizi. Tena, tangu miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF wamefanya kazi mu Malawi, Zambia, Zimbabwe na Tanzania pamoja na wakulima wa kule ili miti hii ipandwe karibu na nyumba. Mti wa masuku ni uleule mmoja: kwetu na kwa majirani wa Zambia ni musuku, Watanzania wanauita mkusu. Mu Malawi wanatoa hata divai mu masuku. Sisi tuko na mti ule ule, tunaukata na kuuchoma.

Kilichomo ndani ya tunda

Hatutaki kuwadanganya. Kuna watu wanaosema kwamba tunda la pori linapita matunda yote, linaponya kila kitu. Haiko vile. Masuku, ukiipima, iko na vitamini C kidogo kuliko chungwa. Gramu 100 za chungwa zinatoa karibu miligramu 50 za vitamini C, na masuku haifike pale. Lakini swali la mkulima haliko kujua tunda gani ni mfalme. Swali ni tunda gani liko mu kijiji chake, mu mwezi gani, na linauzwa bei gani.

Angalieni kalenda. Masuku yanaanza kuiva kuelekea mwezi wa kumi na yanaendelea mpaka mvua zinapokolea. Ni wakati wa kulima na kupanda, kazi ni nguvu, na akiba ya mahindi ya mwaka uliopita inaanza kuisha. Mahindi mapya yatavunwa paka mwezi wa nne au wa tano. Mu miezi ile nyumba nyingi zinakula bukari na sombe, siku zingine bukari na lenga-lenga, mara moja moja ndakala. Mtoto anayerudi na masuku kumi mu kitambaa ameleta sukari ya kumpa nguvu, potasiamu, na vitamini C ambayo bukari haina hata kidogo.

Na hiyo vitamini C iko na kazi nyingine ambayo wengi hawaijue. Mu sombe na mu maharagi muna chuma, ile inayosaidia damu. Lakini chuma ya majani na ya maharagi inaingia mwilini kwa shida. Mtu akikula tunda lenye vitamini C pamoja na chakula kile, chuma inaingia vizuri zaidi. Mama mwenye mimba na batoto wadogo, njo wao wanaokosa damu zaidi. Kwa hiyo tunawashauri: musitoe masuku kwa batoto saa tatu asubuhi peke yake, muwape pia nyuma ya sombe, siku ileile, ku chakula kilekile. FAO na OMS wanasema mtu mzima anahitaji karibu miligramu 45 za vitamini C kila siku, mtoto mdogo karibu 30. Masuku peke yake hayamalizi kazi ile, lakini pamoja na embe na majani mabichi, yanasaidia.

Mpundu iko tofauti. Nyama yake ni kavu kidogo, watu wanaitwanga na kufanya nayo uji ao kinywaji. Lakini mali yake imefichwa ndani ya kokwa: ile mbegu iko na mafuta mingi na protini, karibu sawa na karanga. Bakoko walijua kuipasua. Leo batoto wanakula nyama ya nje na kutupa mbegu. Kasongole, ile ya ganda ngumu, inakula nyama yake tu: mbegu zinatemwa, zisitafunwe, kwani ndani yake muna uchungu usiofaa mwilini. Waambieni batoto, wasisikie kwa mtu mwingine.

Kwa nini masuku yanaoza mu njia

Tukarudi ku ile mifuko sita. Tuliuliza bamama walivuna namna gani, na jibu lilikuwa la wote: kijana alipanda juu akatikisa matawi, wengine wakatupa mawe na fimbo. Masuku yakaanguka ku bulongo ngumu, mabichi na yaliyoiva pamoja, yakatiwa mu mufuko mmoja mpaka ukajaa, ukafungwa, ukabebwa saa nyingi.

Kila hatua pale iliua tunda. Masuku iliyogongwa inavunjika ngozi kidogo sana, jicho haioni, lakini maji yanaanza kutoka na ukungu unaingia. Ile mbichi kabisa iliyoanguka kwa nguvu haitaiva vizuri: itanyauka, itakuwa na ladha ya majani. Mu mufuko uliofungwa, matunda yanapumua na kutoa joto, na joto inaivisha haraka yale yaliyokuwa bado na siku mbili tatu. Ya juu yanakandamiza ya chini. Njo vile chakula cha asubuhi kinakuwa pombe mbaya saa sita.

Mama mmoja mzee wa kijiji kile alitusikia tukieleza, akacheka: «Batoto yangu, masuku haiko muhogo. Haikae mu ghala.» Ni kweli. Hakuna dawa ya kufanya masuku ikae mwezi mzima. Lakini kati ya nusu siku na juma moja kuna nafasi kubwa, na mu nafasi ile njo feza inapatikana. Haya ndiyo tuliyojaribu pamoja na bamama wale mu majuma yaliyofuata, na tukaona yanasaidia:

Kuvuna: okoteni yaliyoanguka yenyewe kila asubuhi mapema, na ku mti chumeni kwa mkono yale yaliyoanza kugeuka rangi, kutoka kijani kuelekea njano na kahawia. Kijani kabisa muyaache. Tandikeni majani makavu ao turubai chini ya mti.

Kuchagua: tengeni makundi matatu palepale chini ya mti. Yaliyoiva kabisa ni ya kula na kuuza leo kijijini. Yanayogeuka rangi ni ya kwenda mjini. Yaliyopasuka ni ya kukamua siku ileile. Moja iliyooza inaharibisha jirani zake.

Kubeba: wacheni mufuko. Tumieni kitunga ao kasha la mbao lenye nafasi, chini mutie majani, na masuku yasipite kina cha shibiri moja. Kwenye kinga, kitunga kimoja kila upande ni bora kuliko mufuko mmoja mkubwa juu. Safirini usiku ao alfajiri, na mukifika, kaeni ku kivuli. Masuku mbili mbili juu ya meza ku jua yanapoteza maji, yanapoteza vitamini C, na yanapoteza bei.

Kulaza: nyumba ya baridi, chini ya paa la nyasi, juu ya kitanda cha matete, mutawanye, upepo upite. Yasioshwe kabla ya kulazwa, kwani maji yanaita ukungu. Yaoshwe kwa maji safi wakati wa kula ao wa kuuza. Kipindi cha mvua kipindupindu haiko mbali na sisi, na tunda la chini ya mti limepita mahali mingi.

Kasongole ni rafiki ya mvivu: ganda lake linalitunza majuma mingi, na bakoko walizika yaliyokomaa mu mchanga ili yaive polepole. Mpundu nayo inavumilia kuliko masuku. Koperative inaweza kupanga soko yake vile: masuku na mfungo kwanza, haraka haraka, mpundu na kasongole nyuma, bila mbio.

Na yale ya kukamua? Osheni, toeni ngozi, pigeni nyama kwa mkono bila kuvunja mbegu, chujeni. Juisi ile inauzwa siku ileile pembeni ya munkoyo. Ukitaka ikae, pika na sukari na maji ya ndimu mpaka inakuwa konfitiri, uitie moto moto mu chupa zilizochemshwa, ufunge palepale. Moto unaua sehemu ya vitamini C, hiyo musifiche kwa wanunuzi. Lakini sukari na ladha vinabaki, na mwezi wa pili, wakati masuku imeisha, chupa yako iko peke yake sokoni.

Mti ule usiozaa

Sasa tuje ku neno gumu. Mu vijiji vingi vya karibu na Lubumbashi, watu wa makala wanafika na feza mkononi. Wanasema na shefu, wanasema na mwenye shamba, wanakata. Zamani mkata makala alipita pembeni ya mti wa masuku ao wa mpundu, kwani jirani angemkasirikia. Leo miti mikubwa ya karibu imeisha, na ile ya matunda nayo inaingia mu tanuru.

Prezida wa koperative moja alituambia wazi: «Masuku ni ya Mungu, haina mwenyewe, inaiva mwezi mbili tu. Makala inalipa minerval ya batoto ba sekondari mwezi yote.» Hatukumcheka. Tuko na batoto pia. Mtu anayedaiwa feza ya shule Jumatatu, hawezi kungojea mwezi wa kumi na moja. Kila anayeandika juu ya pori bila kukubali hivyo anaandika kwa watu waliokwisha kushiba.

Lakini tulimwomba prezida afanye hesabu moja pamoja nasi, na tunawaomba ninyi pia muifanye, kila mmoja ku pori yake. Hesabuni miti ya masuku inayozaa. Mwaka huu andikeni mu kayé vitunga vingapi vimetoka ku kila mti, na vimeuzwa ngapi. Pembeni, andikeni mti mmoja unatoa mifuko mingapi ya makala, na bei yake. Makala ya mti mmoja mutauza mara moja. Vitunga vya mti ule mutauza mwaka huu, mwaka kesho, na wakati mtoto wa sekondari atakapokuwa na batoto wake. Hatuwape jibu. Kayé njo itawapa.

Mu hesabu ile musisahau vitu vitatu.

Cha kwanza, mti wa masuku uko na dume na jike. Jike peke yake njo inazaa. Watu wengi wanasema: «Huu hauzae, tuukate,» na wanakata dume zote. Halafu miaka inayofuata wanashangaa kwa nini jike zinatoa kidogo. Bila dume, hakuna ua linalokuwa tunda. Mti usiozaa mu pori la masuku unaweza kuwa baba wa matunda yote ya pembeni yake.

Cha pili, mizizi ya musuku inaishi pamoja na uyoga. Ile bowa munayookota na kuuza ku barabara mvua ikianza, sehemu kubwa inatoka chini ya miti ya namna hii. Ukikata mti, kitunga cha bowa kimekwenda pamoja nao.

Cha tatu, kupanda upya si rahisi kama muhogo. Mbegu ya masuku inakufa upesi ikikauka, lazima ipandwe ingali mpya, na mche unataka bulongo ya kutoka chini ya musuku mkubwa, ili uyoga ule wa mizizi uwemo. Mti uliotoka ku mbegu unaweza kuchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa, na hujui kama utakuwa dume ao jike. Wakulima wa nchi za jirani wanafupisha safari kwa kubandika tawi la jike linalozaa vizuri juu ya mche, yaani kufanya grefe, na mti unaanza kuzaa mu miaka michache tu. Hiyo tunaweza kujifunza. Lakini tawi la kubandika linatoka ku mti ulio hai. Mukimaliza jike nzuri zote mu tanuru, hata grefe haitatusaidia.

Na moto. Ua la masuku linatoka mvua ikingali, na tunda linabaki ku mti kiangazi chote kabla ya kuiva. Moto wa mwezi wa tisa ao wa kumi, nyasi zikiwa kavu kabisa, unaunguza matunda yote ya mwaka na miche midogo. Kama lazima moto, basi wa mapema, mwezi wa tano ao wa sita, nyasi zikiwa bado na maji, na watu wakiusimamia.

Tunachowaomba

Mkutano mkuu wa koperative nyingi unakuja kabla ya mvua. Tunaomba mambo manne yawekwe ku ajenda, na yapigiwe kura kama mnavyopiga kura juu ya bei ya mahindi.

Moja: kila koperative ichague kipande kimoja cha pori lenye masuku, ikipime, ielewane na shefu na jirani, na iandike mu sheria ya ndani kwamba pale hakatwi musuku, jike wala dume, mpundu wala mfungo.

Mbili: hakuna kutikisa wala kupiga mawe. Anayevunja alipe vitunga viwili kwa koperative.

Tatu: bamama wanaouza matunda waingie mu komite. Wao ndio wanaojua bei na njia, na mu mikutano mingi tuliyohudhuria walikaa nyuma, wakatumika paka kupika.

Nne ni yetu sisi. Mwaka huu karatasi yetu ya maswali itakuwa na mstari wa matunda ya pori, na tutaomba projé isaidie koperative zitakazotaka kutengeneza vitunga na makasha, na kujifunza grefe. Kama hatufanye, mutusimamishe mbele ya mkutano na kutuuliza, kama yule mama alivyotuuliza ku barabara.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya kitunga na ya majani makavu, si maendeleo. Sisi tuliona maji ya masuku yakitiririka mu mufereji. Majuma mawili nyuma, bamama walewale watatu walirudi mahali pale na vitunga vinne, si mifuko sita. Walichagua, walisafiri usiku, walikaa chini ya kivuli cha muembe. Vitunga vyote vinne viliisha kabla ya saa tano, na deni ya kinga ikalipwa siku ileile. Hawakutajirika. Lakini walirudi na chumvi, sabuni na daftari, na hawakumwaga kitu.

Tuandikieni, ao mutuambie tukipita: mu kijiji chenu kuna miti mingapi ya masuku inayosimama bado, na nani anaichunga?